Robo ya Mzunguko

Kila alasiri, akitoka shule, Sindano alibwaga mkoba wake kitandani na kukimbilia karakana ya baba yake nyuma ya nyumba. Baba alikuwa fundi wa vitasa, cherehani na bunduki za upepo za klabu ya kulenga shabaha. Kazi ya Sindano ilikuwa kumpa vifaa.

"Bisibisi!"

"Hii hapa, Baba."

Alijiona fundi nusu.

Kisha Taratibu, binti wa shangazi yake, akaja kukaa nao. Jirani ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa hata chai aliikoroga kama mtu anayeogopa kuiamsha. Haukupita muda, vifaa vikahamia mikononi mwake.

"Mkono wa mtoto huyu hautetemeki," Baba alimsifu mezani. "Nimepata mkono wa kulia."

"Na mimi nimekuwa mguu?" Sindano akauliza.

Wote walicheka. Yeye moyo ulimwaka kama kaa.

Siku moja kocha wa klabu alileta bunduki iliyolegea kifyatulio, kile kidude kinachovutwa kwa kidole. "Kinachezacheza kama jino la mtoto," alisema. "Na kesho vijana wangu wanashindana."

Kocha alipoondoka, Baba alihakikisha bunduki haina risasi, akaelekeza mdomo wa bunduki hiyo kwenye gunia la mchanga. "Sogea uone, mwanangu," alisema. Sindano akainuka, kumbe aliyeitwa ni Taratibu. "Skrubu hii ndiyo inayoshika kifyatulio. Unaikaza mpaka igome…"

Sindano hakungoja zaidi. Alitoka akiburuta ndala. "Mwanangu! Mimi basi ni wa jirani?"

Mara Baba akaitwa na mteja aliyejifungia nje ya nyumba yake. "Asiiguse mtu," alionya. Taratibu akaenda kuteka maji. Sindano akanyata hadi karakana, akashika bisibisi, akaikaza skrubu ile mpaka ikagoma, kisha akaikaza tena kwa nguvu. Kifyatulio kikatulia tuli.

"Tuone sasa nani fundi!"

Baba alirudi pamoja na kocha. Aliitazama bunduki, akakunja uso. Akaikoki, yaani akaitega tayari kufyatuka, bila risasi, mdomo ukiwa mchangani, kisha akagonga kitako chake mezani kidogo tu.

Pwaa! Ilifyatuka yenyewe.

"Mungu wangu!" kocha alishtuka. "Ingekuwa na risasi, na mtoto kasimama mbele?"

"Taratibu," Baba alimwita binti aliyekuwa akitua ndoo ya maji mlangoni, "nilikufundisha hivi?"

Taratibu alitikisa kichwa. Machozi yakamlengalenga.

"Huyu asiguse tena bunduki zangu," kocha alisema.

Hicho ndicho Sindano alichokitamani siku zote. Angenyamaza tu, karakana ingekuwa yake tena. Lakini alipomwona binamu yake akijifuta macho kwa kiwiko, tamaa ile ikamgeukia shubiri mdomoni.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi, Baba. Wewe ulisema ikazwe mpaka igome."

"Nilisema ikazwe mpaka igome, kisha ilegezwe robo ya mzunguko," Baba alijibu. "Ukiiacha imegoma, kifyatulio hubaki ukingoni. Kikitikiswa tu, kinaachia."

Kocha alimwomba Taratibu radhi. Sindano naye akamshika mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonea wivu."

"Nami nilidhani hunipendi kwa sababu ya upole wangu," Taratibu alisema huku akivuta kamasi.

Baba aliilegeza skrubu taratibu, akaikoki tena, akagonga kitako. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. Kimya. Kocha akashusha pumzi, akaichukua bunduki yake.

Walipobaki wenyewe, Baba aliwaketisha wote wawili kwenye benchi.

"Umesema kweli wakati uongo ungekufaa, Sindano. Hilo nimelipenda. Ila jua hili: wivu huanza kwa kula masikio. Uliondoka na nusu ya maneno na hasira nzima, na hiyo nusu ingeweza kumtoa mtu jicho. Siku nyingine ukiumia moyoni, niambie. Lakini kwanza, ngoja nimalize kusema."