Uso wa Baba Mogire

Tryphosa alikuwa akichuma majani chai shambani kwake Nyacheki alipoona mstari wa miche ya chai umepinda. Ni mmoja tu, ule uliopita juu ya kaburi la Persis, marehemu mke wa kwanza wa mumewe, Alfayo. Miche ile aliipanda mwenyewe, kwa wivu, ili Alfayo akose mahali pa kusimama kumkumbuka marehemu. Wivu kwa maiti! Lakini ungefanyaje, nawe humwita mumeo Baba Mogire kila siku, na Mogire ni mtoto wa yule mwingine?

Nyuma yake, mahali pasipo na mtu, akasikia majani yakichumwa. Ikaja na harufu ya kafuri, ile ya kitambaa cha Persis ambacho Alfayo hakukubali kitupwe.

Jioni mezani, doa jeusi likakaa katikati ya macho yake. Aliona kikombe, aliona kola na masikio ya mumewe, lakini kila alipoutafuta uso wake doa lilitangulia, na ndani ya doa alikaa mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amempa mgongo, akimtazama Alfayo kama mtu anayeangalia mali yake.

"Ulinifunika kwa chai," sauti ikanong'ona. "Nami nimekufunikia uso wake."

Mjini Kisii, daktari wa macho alitikisa kichwa. "Si jini, mama. Ni mishipa mibovu imeota nyuma ya jicho, inavuja. Tutadunga dawa ndani ya jicho, ikauke."

"Ndani ya jicho? Yaya, hapana, daktari!"

"Tutatia matone ya ganzi kwanza. Na usikose kurudi kila mwezi."

Alikubali. Sindano ya kwanza ikadungwa, nyingine zikafuata, na kila mara mwanamke yule alipungua, mpaka akabaki mdogo kama mbegu ya chai, akapotea. Tryphosa alifika nyumbani akakuta mistari imenyooka. Alfayo alikuwa ameketi juani mlangoni. Akauona uso wake wote, makunyanzi na yote, akalia kwa furaha.

"Baba Mogire, nakuona!"

Alfayo akageuza kichwa pembeni, kama Tryphosa alivyokuwa akifanya kukwepa doa alipougua. Harufu ya kafuri ikapita kati yao.

"Sogea," akasema. "Uso wako una giza. Lakini kitambaa hicho nakijua."

Tryphosa hakuwa na kitambaa. Akamwona mumewe akitabasamu, tabasamu ambalo hakuwahi kupewa hata siku moja.

"Persis," Alfayo akasema, "mbona ulikawia?"