Njuga Kumi na Mbili za Bi Faida

Kila alfajiri, pale mtaani kwao Kasongo, Mwamvita aliamshwa na mchi wa Bi Faida. Jirani huyo alianza kutwanga mpunga wa watu kabla giza halijatoka, du, du, du, na njuga moja ikilia mguuni pake. Mwamvita, msichana wa miaka kumi na miwili, alijifunika hadi masikioni na kunung'unika kwamba mama huyo hajui usingizi. Kisha aliamka, akachukua mtungi na kwenda kijitoni na wenzake.

Bi Faida hakuwa na mali. Alikuwa na kinu kimoja, nguo mbili za kaniki na paa lililovuja. Ila kwa kucheza ngoma hakuwa na mpinzani. Siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, Mwamvita alimwona uani akijifunga njuga za shaba miguuni, sita huku na sita huku. Mwaka mzima Mwamvita alikuwa amemwomba mama yake njuga moja tu, na jibu lilikuwa lile lile, "Tutaona." Akaona wivu.

Kesho yake kijitoni akashindwa kunyamaza.

"Mutu wa kutwanga mupunga anatoa wapi njuga kumi na mbili?" aliwauliza wenzake. "Kila siku iko kwa Muzee Kassimu kuchukua mupunga. Labda alizitoa mu gala yake."

Alisema labda. Lakini maneno yana miguu, na hiyo "labda" ilidondoka njiani. Kwa bahati mbaya, juma hilo msafara wa Mzee Kassimu, mfanyabiashara wa mtaa, ulikuwa umefika kutoka Kabambare, na mizigo ilipohesabiwa ghalani, mmoja wa njuga haukuonekana. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulisema Bi Faida ni mwizi. Mzee Kassimu akamwita barazani alasiri ile, aje na njuga zake. Asipoeleza alikozipata, zingechukuliwa, na asingepewa tena mpunga wa nyumba ya mzee huyo kutwanga. Nyumba ile ndiyo iliyomlisha.

Bi Fatuma, mama yake Mwamvita, alirudi na habari hizo akisikitika. Mwamvita alirudisha tonge sahanini.

"Mama, ile maneno ilitoka kwangu."

Mama akamgeukia. "Ulimuona akiiba?"

"Hapana."

"Basi simama. Kinywa ile ilitoa maneno ndiyo itairudisha."

Walikuta baraza limejaa. Bi Faida alikuwa amekaa mkekani, njuga zake mbele yake.

"Nilinunua moja moja pale soko, Muzee," alisema. "Ni miaka mbili sasa."

Watu wakaguna. Assumani mpagazi, ambaye ujira wake wote uliishia kwenye tumbaku, alicheka. "Mimi niko mwanaume, nabeba mizigo mpaka Nyangwe, sina hata moja. Yeye azipate wapi?"

Mwamvita alisogea mbele. "Muzee, ni mimi nilisema aliiba. Sikuona kitu. Nilikuwa na wivu."

Alitamani ardhi immeze. Akainamisha uso, na macho yake yakaangukia njuga moja kuukuu. Akaiokota, akaitikisa. Ililia kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Mwamvita aliijua sauti ile.

"Hii ilikuwa ya kwanza," alisema polepole. "Bi Faida akinunua njuga mupya, anaifunga mu muguu akitwanga, ajue sauti yake. Hii iliniamsha tangu mwaka juzi. Kisha ikakuja hii ndogo, wakati wa mahindi."

Akaendelea kuzitikisa moja baada ya moja, akizipanga kama zilivyokuja. Alikosea moja tu, na Bi Faida akamrekebisha huku akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mzee Kassimu aliagiza shada la njuga kutoka ghalani kwake. Akazitikisa moja moja. Zote zililia sawasawa, kwa kuwa njuga zake zote, hata za mzigo uliopotea, zilitoka kwa fundi mmoja.

"Zangu zina sauti moja," alisema. "Za huyu mama, kila moja na yake. Hizi si za mzigo wangu. Bi Faida, nisamehe mbele ya watu hawa, maana mbele yao ndipo nilipokuita."

Siku mbili baadaye mpagazi Lukumani aliingia mjini akichechemea, mzigo wa njuga kichwani. Alikuwa ameumia mguu, akabaki Kabambare hadi apate nafuu, na katika umati wa wapagazi hakuna aliyeona kwamba hayupo.

Mwamvita naye, alfajiri iliyofuata baraza, alikuwa ameshakwenda kwa Bi Faida kuomba radhi na kushika mchi. Kabla jua halijapanda, viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Alimwona Bi Faida akipepeta ujira wake, mchele aliopewa na wenye mpunga. Chenga, punje zilizovunjika, alizitenga za kula, na mchele mzima akauweka wa kuuza.

"Sivuti tumbaku, na nguo yangu ni mbili," alisema Bi Faida. "Kila mutu iko na kitu anapenda. Mimi napenda njuga, nikaacha mengine. Wewe, mutoto wangu, kila siku ulisikia muchi yangu, ukakasirika. Ukaona njuga, ukashangaa. Ile muchi ndiyo ile njuga. Kabla ya kuuliza mutu alitoa wapi kitu, uliza kwanza anaamka saa ngapi."

Mwamvita aliona haya, kisha akacheka, maana ilikuwa kweli tupu. Bi Faida akampimia kibaba cha mchele, ujira wake wa kwanza. Nyumbani Mwamvita aliketi mlangoni na ungo, akaanza kutenga chenga.

"Na ile muchele muzima, utaifanya nini?" mama yake aliuliza.

"Tutaona," alijibu Mwamvita.