Barua Zilizorudi kutoka Laela

Kila Jumamosi, akishafua sare za shule, Coleta alikwenda chumba cha kompyuta cha parokia, mjini Sumbawanga. Alifungua sanduku la barua pepe la wakulima wa Laela, akanakili habari za wanunuzi wa mahindi, kisha akampa kondakta wa basi ampelekee baba yake, Mzee Teodori, mwenyekiti wa kikundi.

Habari hizo zilitoka kwa Polikarp, kijana wa chumba hicho aliyesimamia orodha ya anwani za vikundi vyote. Aliandika barua moja tu, programu ikaigawa kwa kila kikundi.

Basi, baada ya mavuno habari zikakatika. Wakulima wa Kaengesa walizipata, mahindi yao yakaondoka; ya Laela yakabaki ghalani yakitobolewa na dumuzi. Na Polikarp kwao ni Kaengesa! Coleta akaanza kumvizia. Kila akiingia, alimkuta akifuta kitu haraka haraka. Akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: takataka za mashine. Takataka gani za kila wiki? Coleta akapeleka habari nyumbani kwamba Polikarp ana roho mbaya. Mzee Teodori akawaka, akapanda basi, akaja kutaka kijana afukuzwe kazi.

Mwalimu Hilaria, msimamizi wa chumba, hakubishana naye. Alifungua kapu la taka la kompyuta. Coleta akachekelea moyoni. Leo ataumbuka huyu. Kumbe zilikuwa barua za Polikarp mwenyewe, zimerudishwa na mashine pamoja na maelezo marefu ya Kiingereza. Polikarp alikiri kwamba hakuwahi kuyasoma. Aliiachia programu ihesabu, na anwani iliyorudisha barua mara nyingi iliondolewa kwenye orodha.

Mwalimu alisoma polepole. "Hii ya kikundi cha Wampembe inasema anwani haipo," alisema. "Ya Laela inasema sanduku limejaa. Programu imewahesabu wote kuwa hawapo."

Coleta alijua kwa nini limejaa. Kwao barua haichomwi ilhali aliyeiandika yu hai. Hufungwa kamba na kuwekwa darini. Naye hakuwahi kufuta hata moja, pamoja na zile picha nzito za maonyesho ya kilimo. Na onyo jekundu lililotokea kila Jumamosi, alilifunga bila kulisoma.

Angeweza kunyamaza. Baba yake alikuwa bado anamkazia macho Polikarp.

"Baba, ni mimi," alisema. "Sanduku nimelijaza mimi. Kaka Polikarp nimemsingizia."

Mzee Teodori akampa Polikarp mkono na kumwomba radhi. Polikarp naye akasema kosa lake analo, akairudisha Laela kwenye orodha na kuiagiza programu isiwafute tena wenye sanduku lililojaa. Barua za zamani za sanduku la Laela zilichapwa kwanza ndipo zikafutwa. Mzee hakukubali vinginevyo.

"Umemchunguza mwenzako msimu mzima," Mwalimu Hilaria alimwambia Coleta, "na onyo lililokuwa mbele ya macho yako hukulisoma. Ukimshuku mtu, anza kukagua kazi yako mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata barua ilikuwapo: mnunuzi angepita Laela Jumanne. Coleta aliisoma yote, hadi neno la mwisho, kisha akaenda kumwamkia Polikarp.