Perege Mwenye Mdomo Uliojaa

Mimi ni mkaanga samaki, na najisifu bila haya. Samaki wangu huisha kabla mafuta hayajapoa. Mume wangu huvua perege mtoni, mimi nawakaanga sokoni.

Mwaka jana mto ulitunyima. Mume wangu alirudi na perege wachache, wadogo.

"Mama watoto, mto umezeeka," alisema.

"Labda umezeeka wewe," nilimtania. Lakini niliogopa. Meza iliyokaa tupu sokoni hupewa mtu mwingine.

Mume wangu alijua wa kumlaumu. Penye maji mafupi aliwaona perege wakiwameza watoto wao. "Walafi hawa!" alifoka. Kila aliyemkuta na vifaranga mdomoni, alimtupa mchangani afe. Nami nilimuunga mkono. Mama gani anakula wanawe?

Jirani yetu ni bibi samaki, mtaalamu wa uvuvi. Asubuhi moja alitukuta mtoni. Mume wangu alikuwa ameshika perege, tayari kumtupa.

"Shemeji, ngoja! Huyo hali watoto. Anawalea."

"Anawalea tumboni?"

"Mdomoni. Mtie humu."

Mume wangu alimweka kwenye beseni la maji la bibi samaki. Tukatulia. Baada ya muda vifaranga wakatoka mdomoni, mmoja mmoja, wakaogelea.

"Sasa pitisha mkono juu yao," akasema.

Mume wangu akapitisha. Lo! Vifaranga wote wakakimbilia mdomoni mwa mama yao.

"Dume huchimba shimo mchangani," bibi samaki akaeleza. "Jike hutaga humo, kisha hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Siku hizo ni kama hali kitu. Tazama alivyokonda."

Mume wangu aliinama. "Kumbe nilikuwa naua wazazi," alisema. Nilimwonea huruma, na mimi nilijiona mjinga vilevile.

Alimrudisha perege mtoni. Kisha akaacha kabisa kuvua penye maji mafupi, akanunua wavu wenye matundu makubwa. Aliwashawishi wavuvi wenzake nao waache. Tulibana matumizi. Nilikaanga mihogo ili meza isichukuliwe. Watu walicheka, nikawaacha wacheke. Mvumilivu hula mbivu.

Leo meza yangu imejaa perege wanono. Jana mvuvi mmoja mgeni alinasa jike mwenye mdomo uliojaa, akamwinua amwoneshe kila mtu.

"Mrudishe, ndugu yangu," mume wangu akamwambia. "Huyo ana watoto."

Nilisikia kutoka ukingoni. Nikamwambia kila aliyekuwa karibu, "Huyo anayesema ni mume wangu!"