Fundi Redio Aliyefutwa Ukutani

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya rangi, kisha akarudi mbio kulekule shuleni alikotoka. Wenzake walimtania kwamba yeye peke yake ndiye anayesoma zamu mbili. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya domo lake, maana tangu ajue kusema hajanyamaza.

Shangazi alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Mwaka huo alijipa kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu: kuuchora mtaa wao wa zamani kwenye ukuta mrefu wa shule, nyumba kwa nyumba, kibaraza kwa kibaraza. Mtaa wenyewe haukuwepo tena. Matingatinga yalikuja yakausawazisha ili barabara pana ipite, na wakazi wakatawanyika kwenye vyumba vya kupanga huko pembezoni mwa mji. Pale alipozaliwa Chiriku sasa pana lami, na magari yanapita kasi bila dereva hata mmoja kujua kwamba anakanyaga jiko la mama yake. Kila alipolifikiria jambo hilo, damu ilimchemka.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Hakuchora kitu kwa kukisia. Alimwita jirani mmoja amweleze dirisha lilikaaje, akamwuliza na wa pili, na wakipishana aliwakutanisha palepale ukutani wabishane mpaka waelewane. Muuza mkaa na kinyozi walizozana jioni nzima juu ya ngazi za nyumba ya kinyozi, hadi kinyozi akasusa, na kesho yake akarudi kukiri kwamba mwenzake ndiye aliyekumbuka vizuri. Wakishakubaliana, shangazi alichora kwa chaki, na Chiriku akajaza rangi.

Mwishowe kilibaki kibaraza kimoja tu, cha fundi redio. Shangazi alikuwa amekwisha kumchora mzee huyo kwa chaki, ameketi kwenye kigoda na redio magotini, na majirani wamejaa mbele yake wakisikiliza. Siku moja kabla ya wakazi kuja kutazama kazi, shangazi aliitwa kumalizia bango la duka la dawa, akamwachia Chiriku amalizie rangi.

Chiriku alisimama mbele ya yule mtu wa chaki kwa hasira. Alikumbuka yote. Wakazi walikuwa wameapa kwamba hakuna atakayekubali kuhama peke yake. Haikupita wiki, fundi redio akatia saini karatasi za kuhama kimyakimya na kufungasha virago vyake. Baada yake wengine walilegea mmoja baada ya mwingine. Mama yake Chiriku mpaka leo akikutana naye njiani huangalia upande wa pili. Sasa mtu kama huyo akae ukutani pamoja na wale aliowasaliti? Chiriku alichovya brashi kwenye rangi ya buluu, akachora mlango uliofungwa juu ya mzee, kigoda na redio, akawaacha wale majirani tu. Alirudi nyumbani akijiona ametenda haki.

Kesho yake watu walifurika. Walitafuta nyumba zao, wakazigusa, wakacheka huku machozi yakiwatoka. Fundi redio naye alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi, na hakuna aliyemsemesha. Alianzia mwanzo wa ukuta, akaenda mlango kwa mlango mpaka akafika kwenye ule wa buluu. Muuza mkaa akaguna kwamba hiyo ndiyo dawa ya wasaliti, na watu wachache wakacheka.

"Mlango wangu haukuwahi kufungwa mchana," fundi redio alisema kwa ghadhabu. "Nimezaliwa ndani ya nyumba ile. Nichukieni mtakavyo, lakini msiseme sikuwepo."

Akageuka akaenda zake. Chiriku alidhani shangazi angemtetea. Wapi! Shangazi alimshika mkono akampeleka nyuma ya madarasa, na Chiriku hakuwahi kumwona amekasirika kiasi kile. Msichana akajieleza harakaharaka: yule mzee alivunja kiapo, yeye ndiye aliyefanya wafukuzwe, na hata shangazi mwenyewe hamsalimii.

"Ndiyo, simsalimii," shangazi akasema. "Alitukosea na sijamsamehe. Lakini wale watu niliowachora wamejaa mbele ya kibaraza chake, wanasikiliza nini? Mlango? Waliotubomolea walisema pale hapakuwa na kitu, ni vibanda vitupu. Uongo huo ndio ulionifanya nishike brashi. Na wewe umeuchukua uongo uleule ukampaka mtu wetu."

Chiriku alitaka kumchora upya saa ileile, shangazi akakataa, akamwambia aende kwanza kwa mwenyewe.

Siku iliyofuata alimkuta fundi redio katika chumba chake kipya, chembamba, redio zimerundikwa mpaka darini kwa kukosa kibaraza. Hakukaribishwa kuketi. Alimwamkia, kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyemfuta, na kwamba shangazi hakujua.

"Kwa nini?" mzee akauliza bila kuinua kichwa kwenye nyaya zake.

"Kwa sababu ulitia saini, babu."

"Nilitia. Sababu zangu ninazo, na sikuombi uzikubali."

Chiriku akaomba radhi, akamwuliza alikuwa akikaaje pale kibarazani. Mzee alishindwa kujizuia, akavuta kigoda, akanyoosha mguu mmoja na kuinamisha sikio kwenye redio. Akamwonya asije akamchora anatabasamu, kwa kuwa yeye si mtu wa kutabasamu.

Chiriku aliukwangua mlango wa buluu na kuanza upya. Muuza mkaa alipoulizwa alinung'unika weee, lakini akathibitisha kwamba mguu ule ulikuwa ukinyooshwa hivyohivyo, na yeye ulimwangusha mara nyingi.

Alipokuwa akimalizia, watoto wa darasa la kwanza walipita, wakauliza yule babu aliyenuna ni nani. Chiriku aliweka brashi chini.

"Ni fundi redio wa mtaa wetu," akawaambia. "Ndiye wa kwanza kuvunja kiapo chetu. Na ndiye aliyekuwa akitoa redio yake nje kila jioni ili mtaa mzima usikilize bure."

Shangazi, aliyekuwa akiosha makopo ya rangi kando, alisogea akautazama ukuta wote, kuanzia nyumba ya kwanza hadi kibaraza cha mwisho.

"Hasira yako sikuikataza, mwanangu," alisema. "Hata mimi ninayo. Lakini anayetunza kumbukumbu za watu husema kweli hata juu ya mtu asiyempenda. Tukianza kuchagua nani alikuwepo na nani hakuwepo, hatutakuwa na la kuwaambia wenye matingatinga."