Hodi kwa Babu wa Jiwe

Sogeeni niwatege. Babu yangu ni jiwe, hali wala hasemi, lakini hata mwizi humbishia hodi. Nani huyo? Jibu lishikeni kwanza, maana Kunthea yuko mbioni.

Pikipiki yake, Honda, ilipasua matope ya msitu wa Preah Vihear, Kambodia. Kiunoni, bastola ya Makarov. Kifuani, redio, na humo jina lake lilikuwa Popo.

"Popo, makao makuu. Wezi wako hekaluni. Wanakata kichwa cha mungu wa kike. Adhuhuri kitavuka mpaka."

"Na kaka Vuthy?"

"Anaumwa, yuko kwake Siem Reap. Uko peke yako."

Akazima pikipiki.

Mbele yake ardhi ilijaa mabomu ya vita vya zamani. Njia salama walikuwa wakiijua wawili tu: yeye, na Vuthy, jasusi aliyemfundisha kazi.

Mwanzo wa njia alikaa Neak Ta, babu wa jiwe, mlinzi wa msitu. Hakuna Mkhmer anayempita bila kuomba ruhusa.

Kunthea akapiga magoti. Akaganda.

Mchangani, mbele ya babu, sigara ya sadaka ilikuwa ikifuka moshi. Imekatwa kichungi.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akikata kichungi. "Babu ni wa zamani," Vuthy alikuwa akimwambia huku akicheka. "Ukimpa ya pamba atakohoa!"

Kunthea aliinua macho. Mitini, vipande vya krama, skafu ya Kikhmer, ya bluu, vilionyesha njia. Kitambaa kile alikijua. Alimnunulia Vuthy yeye mwenyewe, Mwaka Mpya.

Hakulia.

Alitembea, akivifungua kimoja baada ya kingine, akivitia mfukoni. Miguu yake haikuhitaji alama. Akajibanza nyuma ya mlango wa hekalu, kwenye mizizi.

Msumeno ukanyamaza.

Wanaume wawili wakatoka na kichwa cha jiwe, wamekining'iniza kwenye mti begani. Wakafika njia inapoishia upande wa hekalu, wakasimama kama waliogongwa misumari miguuni.

"Bosi! Vitambaa viko wapi?"

"Tangulia basi, wewe si ndiye dume!"

"Dume mama yako! Mimi mguu wangu naupenda!"

Mtu wa tatu akatoka hekaluni, bastola mkononi. "Tulieni. Nifuateni mimi. Naijua kwa kichwa."

Makarov ikamgusa kisogoni.

"Habari ya homa, kaka?"

Bastola ya Vuthy ikaanguka yenyewe.

"Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo." Akamkandamiza mtutu zaidi. "Kwa babu pale umepiga magoti. Umeomba nini?"



Wale wawili walitua kichwa taratibu, wakakaa, mikono juu. Kukimbia wapi? Kila upande mauti.

Kunthea akaokota bastola, akashika redio.

"Makao makuu, Popo. Kichwa kiko salama. Leteni wategua mabomu. Wezi watatu wanawasubiri, hawaendi popote."

"Watatu? Wa tatu nani?"

"Mtamjua wenyewe."

Mwenye kujua njia akafungwa pingu kwenye mzizi. Mungu wa kike akabaki msituni kwake, uso juu, akitazama majani.

Kunthea akavaa miwani yake ya jua, akaanza kuondoka, akikanyaga palepale alipofundishwa kukanyaga.

"Kunthea!"

Hakugeuka. Akasimama tu.

"Niliomba," Vuthy akasema, "leo wasikutume wewe."