Picha ya Moshi Mweusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Brightness alideki sebule ya kwao mtaani Sokon One, akachemsha chai, kisha akapangusa vumbi. Kazi ya mwisho ilikuwa kufuta kioo cha picha ya ukutani, na hiyo ndiyo kazi aliyoichukia.

"Umeifuta?" Bibi Hedwiga aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu.

"Nimeifuta, Bibi."

"Hata chini, kwenye miguu ya watu?"

"Hata kwenye miguu."

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, haina rangi nyingine. Ilionyesha Mlima Meru, na chini yake nyumba zinawaka. Moshi mzito ulipanda hadi kileleni. Mbele, wanawake walitembea na mizigo kichwani, na mmoja alibeba mtoto mgongoni. Bibi alishaisimulia mara nyingi: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakaondoka. Brightness alizoea hadithi hiyo mpaka akaacha kuisikia.

Alichosikia ni maneno ya Lilian, rafiki yake wa darasa la sita, siku alipokuja kuazima kitabu.

"Heee, Bright! Ukuta wenu umeungua au?" Lilian alicheka. "Sisi kwetu tuna picha ya maporomoko ya maji. Inang'aa hiyo, mpaka unajiona."

Wiki ile sala za jumuiya zilikuwa zifanyike nyumbani kwao. Kila wiki jumuiya ilisali nyumba moja, na kila nyumba ilipokea wageni kwa chai na maandazi. Mama yake, Ruth, alikuwa mshonaji, na siku hizo alishona sare bila kupumzika. Alimpa Brightness hela kidogo.

"Nenda mjini kwa Mzee Suresh, fundi fremu. Chagua picha ndogo ya ukuta wa mlangoni. Ndogo, umesikia? Iwe na fremu yake."

Brightness alisikia, lakini alikuwa na mpango wake. Bibi aliposinzia, alishusha picha ya moshi ukutani, akaifunga kwenye khanga na kutoka nayo.

Dukani kwa Mzee Suresh picha zilijaa hadi darini. Kulikuwa na matunda, simba na mistari ya Biblia. Brightness alisimama mbele ya moja kubwa: mlima wenye theluji, nyumba ya paa jekundu, na ziwa lenye bata weupe wa shingo ndefu. Maana sisi ndivyo tulivyofundishwa: kutazama theluji ya ugenini huku tumeupa mgongo mlima wetu ulioko dirishani.

"Hiyo na fremu yake hela yako haifiki, binti," alisema Mzee Suresh. "Lakini tazama hizi ndogo. Hii ya shamba la kahawa imechorwa na kijana wa hapa hapa. Bei yake nafuu."

"Naitaka ile ya bata. Fremu ninayo." Brightness akafungua khanga.

Mzee Suresh alivaa miwani, akainamia picha ya moshi muda mrefu. "Hii imechapwa kwa ubao uliochongwa kwa mkono. Ona wino ulivyobonyea kwenye karatasi. Nani kakutuma kuitoa?"

"Bibi."

"Bibi mwenyewe?"

"Ndiyo. Amesema amechoka nayo."

Mzee yule hakuridhika, lakini angefanyaje? Aliweka bata ndani ya fremu, akaiviringisha picha ya zamani na kumkabidhi. "Irudishe nyumbani. Usiikunje."

Brightness hakuirudisha. Karibu na maduka ya vinyago, Eliya, muuzaji wa vitu vya watalii, alimwita. "Oya mdogo wangu, umebeba nini? Hebu nione. Nikupe bangili ya shanga?" Brightness akatoa picha, akavaa bangili.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba picha ya Bibi ilikuwa imeingia unyevu, fundi amebaki nayo, na bata watakaa kwa muda kwenye fremu yake nyuma ya kiti cha Bibi. Mama, macho mekundu kwa kushona, alitazama bata, akatazama rundo la sare. "Basi usimwambie Bibi. Atahangaika bure."

Uongo ukawa wa watu wawili. Asubuhi Bibi alipouliza, "Umeifuta? Hata kwenye miguu?" Brightness alijibu, "Nimefuta," huku akipitisha kitambaa juu ya bata. Bangili ilianza kumbana, ingawa ilikuwa pana.

Siku ya jumuiya sebule ilijaa. Lilian alikuja na wazazi wake, na Lengai, mvulana wa jirani, alikaa sakafuni na watoto wengine. Baada ya nyimbo, mzee wa kanisa alimwomba Bibi awape vijana neno. Bibi alisimama. Hakuhitaji kugeuka, miaka yote picha ilikuwa nyuma ya kiti chake. Alinyoosha kidole juu ya bega.

"Watoto, tazameni pale. Mnawaona watu wale? Hawakuiba. Hawakuua. Waliambiwa tu ondokeni, ardhi si yenu. Yule wa tatu ni mama yangu. Na mtoto aliyembeba, tazameni vizuri, ni mimi."

Lengai akaangua kicheko. "Bibi, mbona hao ni bata!"

Watoto wakacheka. Watu wazima wakatazama chini. Bibi aligeuka polepole, akapapasa kioo, akasogeza uso mpaka pua ikagusa. Aliona weupe mtupu.

"Brightness," alisema, "umenipeleka wapi?"

Brightness alilia mbele ya wageni wote. Alisema yote: fremu, uongo aliomwambia Mzee Suresh, bangili. Mama alificha uso kwa khanga. Bibi hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa, na jioni hiyo hakula.

Kesho yake Brightness na mama yake walikwenda kwa Eliya. "Aisee, ile?" Eliya alijikuna kichwa. "Ilichukuliwa siku ile ile. Mtalii, ameshapanda ndege. Ulinipa mwenyewe, mdogo wangu, sikukunyang'anya."

Ni kweli, hakumnyang'anya. Zamani walikuja na moto kutunyang'anya. Siku hizi tunapeleka wenyewe, tena tunashukuru kwa bangili.

Brightness alimwomba mama wapite kwa Mzee Suresh. "Shikamoo. Nilikudanganya, mzee. Bibi hakunituma. Na picha imepotea."

"Marahaba." Mzee Suresh alivua miwani. "Nilijua, nami nikanyamaza. Kosa letu wote. Lakini sikiliza. Picha ya kuchora kwa brashi ikipotea, imepotea. Ya kuchapa ina mama yake. Ubao uko wapi?"

Swali hilo Brightness alilipeleka kwa Bibi mbio. Kwa mara ya kwanza tangu jumuiya, Bibi aliinua kichwa. "Ubao ulichongwa na kaka yangu Abdiel, marehemu. Nadhani uko kwa mwanawe Manase, Oldonyo Sambu. Kama mchwa hawajaumaliza."

Jumamosi walikwenda wote watatu, Bibi pia, upande wa kaskazini wa mlima, ambako vumbi ni jingi. Manase, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliposikia shida yao aliingiwa na aibu. Aliwaongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye banda la kuku. Mlango wa banda ndio uliokuwa ubao wa Abdiel, upande wa picha umewageukia kuku.

"Mbao zilikuwa ghali, shangazi," alisema. "Sikufikiri."

"Na wewe pia," Bibi alisema kwa uchungu. "Mwenzako kapeleka kwa watalii, wewe umewapa kuku. Ung'oe!"

Brightness aliusugua ubao kwa brashi na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Kinyesi kilitoka kwenye kila mfereji wa kisu. Ubao wa mninga haukuliwa na mchwa, ila ulikuwa na ufa uliopita katikati ya mlima. Ulipokauka, Bibi alipiga magoti akautembeza mkono juu yake. Vidole vilipita kwenye moshi, vikashuka kwenye mizigo, vikahesabu kichwa kwa kichwa. Vikasimama.

"Huyu hapa," alinong'ona. "Nipo."

Mzee Suresh aliwapa wino. Manase alikumbuka jinsi baba yake alivyochapa: unapaka wino kidogo, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Picha ya kwanza ilitoka imefifia, ya pili ikavuja. Iliyofuata ilitoka sawasawa, na ule ufa ukaonekana kama mstari mweupe kutoka kileleni hadi chini.

"Ufa tuuzibe?" aliuliza Brightness.

"Uache," alisema Bibi. "Watu wataona kwamba ubao ulikuwa karibu kupotea."

Brightness alirudisha bangili kwa Eliya. Picha mpya ikawekwa kwenye fremu ile ile, mahali pa ile ya zamani. Bata wakahamishiwa mlangoni, maana Bibi alisema wasitupwe, hawajamkosea mtu. Jumuiya iliyofuata watu walitaka nakala, na Lilian alikuwa wa kwanza.

"Abdiel aliuza kwa bei ya kipande cha sabuni," Bibi aliwaambia, "na nyinyi mtauziwa hivyo hivyo. Alitaka hata mchuma kahawa awe nayo. Picha nzuri si lazima iwe ghali, wala inayong'aa si lazima iwe nzuri. Kabla hujaitundika jiulize inakuambia nini, na kesho utataka kuitazama tena? Na wewe, Brightness, ukiona haya kwa kitu cha kwenu, uliza kwanza kilitoka wapi. Usidanganye ili kukiondoa. Uongo ule ulinifukuza nyumbani mara ya pili."

Asubuhi iliyofuata Brightness alichukua kitambaa kabla hajaulizwa.

"Nimeifuta, Bibi," alisema. "Nimeanzia kwenye miguu."